Mlango wa Ofisi na Mlango wa Pembeni: Jinsi Madaktari Vijana Wanavyotafuta Kazi Marekani

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani, kila mmoja wetu anajua kwamba kazi hupatikana kwa njia mbili. Iko njia ya ofisi: unaandikisha jina, unapewa namba, unangoja kuitwa. Na iko njia ya geti: unaamka alfajiri, unasimama mbele ya mnyapara, unajiombea mwenyewe. Njia ya ofisi ina utaratibu wake, na njia ya geti ina bahati yake. Lakini katika njia zote mbili swali letu sisi wafanyakazi ni lile lile: siku kazi inapotolewa, nguvu iko mkononi mwa nani?

Safari hii tunalitazama swali hilo mahali ambapo wengi wetu hatukulitegemea, napo ni katika hospitali za Marekani. Tuna sababu. Watoto wa wafanyakazi wenzetu wamo katika vyuo vya udaktari vya Makerere, Nairobi na Muhimbili. Baadhi yao wakimaliza huomba kwenda Marekani kusomea ubingwa, na wazazi huuza ng'ombe au hukopa katika chama cha akiba na mikopo ili kulipia mitihani. Mzazi anayelipa anastahili kujua mlango anaougonga mwanawe ni mlango wa namna gani.

DAKTARI MWANAGENZI NI NANI?

Kule Marekani kijana akimaliza chuo cha udaktari hawezi, kwa kawaida, kuanza kutibu watu peke yake. Lazima kwanza afanye kazi hospitalini chini ya wakubwa wake. Kwa udaktari wa familia ni miaka 3, kwa upasuaji wa kawaida ni miaka 5, na kwa upasuaji wa ubongo ni miaka 7. Hulipwa mshahara, hukesha zamu za usiku, hupokea wagonjwa, na huku akijifunza. Sisi tutamwita daktari mwanagenzi, maana hali yake inafanana na ya fundi kijana aliye chini ya fundi mkuu.

Daktari aliyesoma nje ya Marekani naye, kwa kawaida, hana budi kupita njia hiyo, hata kama ametibu watu nyumbani miaka 10. Kwanza apate cheti cha ECFMG, shirika lililoanzishwa 1956 ili kuwapima madaktari waliosoma nchi nyingine. Lazima afaulu mitihani ya udaktari ya Marekani, shahada yake ihakikiwe na chuo kilichoitoa, na Kiingereza chake kipimwe. Akiisha kupata cheti hicho ndipo anaweza kuanza kazi hospitalini kama mwanagenzi.

KABLA YA OFISI KUU

Zamani hapakuwa na ofisi kuu yoyote. Kila hospitali ilijitafutia vijana wake. Wanagenzi walikuwa kazi ya bei rahisi, na nafasi zilikuwa nyingi kuliko vijana. Basi hospitali zikaanza kukimbizana. Ilipofika 1944 wanafunzi walikuwa wakichukuliwa karibu miaka miwili kabla ya kumaliza chuo, hata kabla haijajulikana nani hodari na nani si hodari.

Vyuo vikajaribu kuzuia mbio hizo. Mwaka 1945 vilikubaliana kutotoa barua za wanafunzi kabla ya tarehe maalumu. Hapo hospitali zikabadili mbinu: sasa zilimbana kijana ajibu upesi. Mwaka huo wa 1945 alipewa siku 10 za kufikiri. Kila mwaka siku zikapungua, na ilipofika 1949 hospitali ziliona hata saa 12 ni nyingi mno. Kijana alipelekewa simu ya maandishi, naye alitakiwa kujibu ndiyo au la papo hapo, bila kujua kama hospitali aliyoipenda zaidi ingemwita kesho yake.

Hali hiyo tunaifahamu. Ni ile ya mwajiri anayekuwekea karatasi mezani na kukuambia, "Tia sahihi sasa hivi au nitamwita mwingine." Anayenyimwa muda wa kufikiri amenyimwa nguvu ya kuchagua.

Mwaka 1952 ukaanza mpango wa kuoanisha vijana na hospitali nchi nzima. Kila kijana anaandika orodha ya hospitali anazozitaka, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila hospitali inaandika orodha ya vijana inaowataka. Kisha mashine inazilinganisha orodha zote, na siku moja majibu yanatolewa kwa wote. Yafaa tukumbuke kwamba utaratibu uliopendekezwa mara ya kwanza ulimwonea mwanafunzi aliyeandika matakwa yake kwa ukweli. Wanafunzi wenyewe walipinga mwaka 1951, wakadai utaratibu mwingine, na wakaupata. Hata ndani ya ofisi kuu, basi, haki ilipatikana kwa sababu walioguswa walisema kwa pamoja.

SANDUKU NA MIZANI

Siku hizi kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni sanduku la kupelekea maombi. Tangu miaka ya 1990 sanduku kubwa ni ERAS, linaloendeshwa na Jumuiya ya Vyuo vya Udaktari vya Marekani. Mwombaji anatia karatasi zake humo mara moja, kisha analipa ili zipelekwe kila anakotaka, na kadiri sehemu zinavyozidi ndivyo malipo yanavyozidi. Waombaji wengi wa kutoka nje hupeleka maombi sehemu zaidi ya 100.

Cha pili ni mizani, yaani ule mpango wa kuoanisha, unaoitwa NRMP. Sanduku hubeba karatasi tu. Mizani ndiyo inayotoa hukumu.

Mtu anaweza kuwa nje ya sanduku na bado akawa ndani ya mizani. Kwa mfano, madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake waliacha sanduku la ERAS katika msimu wa 2024 hadi 2025, wakahamia sanduku jingine liitwalo ResidencyCAS. Madaktari wa dharura wakafuata msimu uliokuja. Lakini majibu yao bado hutoka katika mizani ile ile. Madaktari wa macho na wa njia ya mkojo wana mizani yao wenyewe, na hutoa majibu mapema zaidi. Kwa hiyo, kijana akisema "naomba nje ya ofisi kuu," tumwulize kwanza: nje ya sanduku, au nje ya mizani?

Mwaka 2025 nafasi zilizotolewa katika mizani zilikuwa 43,237, na waombaji waliojiandikisha walikuwa zaidi ya 52,000. Katika kila wanafunzi 100 waliokuwa wakimaliza vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya MD, zaidi ya 93 walipata. Katika kila madaktari 100 wasio raia wa Marekani waliosoma nje, waliopata ni 58 hivi. Waliobaki walirudi kukaa na kufikiri. Kwa hao mlango wa pembeni una maana kubwa.

Wengine watauliza kwa nini nafasi zisiongezwe. Sehemu kubwa ya gharama za mafunzo hayo hulipwa na serikali kuu kwa njia ya Medicare, bima ya afya ya wazee. Sheria ya 1997 iliweka kikomo cha nafasi ambazo kila hospitali inaweza kulipiwa. Nafasi zimeongezeka tangu wakati huo, lakini kikomo hicho bado kinabana.

OFISI KUU ILICHUKUA NINI?

Mpango wa 1952 ulimwondolea kijana fujo ya kubanwa. Lakini kulikuwa na bei yake. Anayeingia katika mizani anakubali mapema kwamba popote atakapotupwa ndipo atakapokwenda. Hawezi kuchukua barua ya hospitali moja na kuionyesha nyingine akisema, "Hawa wananipa zaidi." Mshahara na masharti huwa vimekwisha kupangwa.

Wazee waliopelekwa mashamba ya mkonge ya Tanganyika wangeielewa habari hii. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao moja ya kuajiri, SILABU, iliyokusanya watu kutoka mbali kwa mikataba. Hao ndio walioitwa manamba. Wengine walikwenda kwa miguu yao, bila mkataba wa ofisi, wakajitafutia shamba. Daktari wa Marekani si manamba, mshahara wake na heshima yake ni mbali kabisa. Lakini waajiri wanapoajiri kupitia ofisi moja, mtu mmoja mmoja hapati mahali pa kupimia bei ya kazi yake.

Mwaka 2002 madaktari watatu walifungua kesi mahakamani. Walidai kwamba mpango huo unaua ushindani na kuweka mishahara chini, kinyume cha sheria zinazowakataza wafanyabiashara kupatana bei. Kabla kesi haijaamuliwa, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2004 iliyokinga mpango huo. Kinga hiyo ilipachikwa ndani ya sheria iliyohusu fedha za pensheni! Mwaka huo huo kesi ikatupwa. Tunajifunza kwamba mlango wa mahakama nao unaweza kufungwa na aliye na marafiki bungeni.

MLANGO WA PEMBENI UKO WAPI?

Zamani hospitali iliweza kuweka baadhi ya nafasi katika mizani na kugawa nyingine nje kwa mkono. Madaktari wengi wa kutoka nje waliingia kwa njia hiyo. Kuanzia uoanishaji wa 2013 sheria ilibadilika: programu ikiingia katika mizani lazima iweke humo nafasi zake zote, isipokuwa zile chache zilizoruhusiwa. Tangu hapo mlango wa pembeni umekuwa mwembamba, lakini upo. Tumeuona katika sehemu nne.

Kwanza, nafasi zinazobaki baada ya majibu. Mwezi Machi, katika wiki ya majibu, kuna utaratibu wa kugawa nafasi zilizobaki, ulioanza 2012. Zamani watu waligombania kwa simu na faksi mchana kutwa. Sasa, wakati wa mgawo huo, mwombaji haruhusiwi kuipigia hospitali ambayo haikumtafuta kwanza. Mgawo ukiisha, ndipo anaruhusiwa kuwasiliana moja kwa moja na wenye nafasi.

Pili, pengo la katikati ya mwaka. Mwanagenzi mmoja ameugua, mwingine ameacha, mwingine amebadili fani. Hospitali ina zamu za usiku ambazo hazina mtu. Haiwezi kungoja Machi ijayo. Pengo la mwaka wa pili au wa tatu huhitaji mtu aliyekwisha kufanya kazi ya mwaka wa kwanza.

Tatu, programu mpya iliyopata kibali wakati msimu wa maombi umekwisha kupita, nayo inataka watu waanze Julai, mwezi ambao mwaka wa mafunzo huanza.

Nne, programu chache ambazo hazikuingia katika mizani kabisa.

NAMNA YA KUBISHA HODI

Katika mlango wa pembeni hakuna mashine inayobeba karatasi. Mwombaji huandika mwenyewe kwa mkuu wa programu na kwa mwandishi wake anayeshughulikia mafunzo. Mwandishi huyo asidharauliwe, maana ndiye ajuaye pengo liko wapi na barua imelala meza gani.

Barua iwe fupi, ukurasa mmoja: mimi ni nani, nina cheti gani, nimefanya kazi wapi, naweza kuanza lini. Karatasi zote ziwe tayari kabla ya kuandika: cheti cha ECFMG, matokeo ya mitihani, shahada, na barua tatu za madaktari walioona kazi yake kwa macho yao. Hospitali yenye pengo inamtafuta mtu wa kuanza mwezi ujao, naye mwenye karatasi pungufu hupitwa na mwenye karatasi kamili.

Anayehama kutoka programu nyingine ajue kwamba mkuu mpya lazima apate maandishi ya mkuu wa zamani juu ya kazi yake. Kuondoka kwa siri hakuwezekani. Ni afadhali kuzungumza mapema.

Wa kutoka kwetu ana mlima wa ziada, nao ni viza. Madaktari wengi wa nje hutumia viza ya J-1, ambayo ECFMG ndiyo inayowadhamini. Hutakiwa mkataba au barua ya hospitali, pamoja na barua ya wizara ya afya ya nchi yao kwamba nchi inahitaji wataalamu wa fani hiyo. Wizarani mambo huchukua muda. Na mafunzo yakiisha, mwenye viza hiyo anatakiwa kurudi nyumbani miaka miwili, isipokuwa amepata msamaha rasmi. Mzazi asishangae baadaye.

USITIE SAHIHI MARA MBILI

Kuna kosa moja linaloweza kumharibia kijana miaka yake. Aliyekwisha kupeleka orodha yake katika mizani na muda wa kuiondoa ukapita, amefungwa. Hospitali ya pembeni ikimwita baada ya hapo, hana ruhusa ya kukubali kabla ya kufunguliwa rasmi na NRMP. Akipuuza, anaweza kuzuiwa asiingie tena katika mpango huo. Aliyeoanishwa hutakiwa kuanza kazi alikopelekwa na kukaa angalau siku 45. Hospitali nayo hubanwa na sheria hizo, lakini tunajua ni nani huumia zaidi mkataba unapovunjika.

Basi njia iliyo salama ni hii: kama barua ya pembeni imekuja kabla ya tarehe ya mwisho ya orodha, kijana ajitoe kwanza katika mizani, ndipo atie sahihi. Na asijitoe kwa neno la simu tu. Angoje karatasi yenye sahihi ya hospitali, inayotaja fani, mwaka wa mafunzo, tarehe ya kuanza na mshahara.

MATAPELI WAPO

Penye mlango mwembamba hukaa watu wanaouza funguo za uongo. Kijana aliyekosa mara mbili yuko tayari kusikiliza neno lolote. Atakuja mtu mwenye suti na kusema, "Nina nafasi, lete dola elfu kadhaa." Ndugu zetu, nafasi ya kweli ya mwanagenzi hulipa, hailipiwi. Wastani wa mshahara wa mwaka wa kwanza kule ni zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Anayekudai fedha ili akupe kazi amekwisha kujitambulisha.

Njia ya kumpima ni rahisi. Baraza la vibali vya mafunzo ya udaktari, ACGME, huweka wazi orodha ya programu zote zilizoidhinishwa, kila moja na namba yake. Ombeni namba hiyo. Programu isiyo na namba inaweza kumfanyisha kijana kazi miaka mitatu na mwisho akakosa kuruhusiwa kufanya mtihani wa ubingwa. Tena msidanganywe na kazi ya kusimama pembeni na kutazama madaktari wakitibu, ambayo huuzwa kwa fedha nyingi. Hiyo si ajira, wala haihesabiwi kuwa mafunzo.

PEMBENI UKO PEKE YAKO

Wengine watasema: kama ofisi kuu ilimnyima kijana nafasi ya kupatana, basi mlango wa pembeni umemrudishia. Ni kweli kwa kiasi fulani. Hospitali yenye pengo ina haraka, na mwenye haraka husikiliza. Kijana anaweza kuuliza juu ya nyumba, tarehe ya kuanza, au kuhesabiwa mwaka aliokwisha kufanya kazi.

Lakini tusijidanganye. Asubuhi ile ya geti, mnyapara ana haraka lakini na nyuma yako wamo watu mia. Barua hutolewa Jumatatu na jibu hutakiwa Jumanne. Yaani ile hali ya 1949 imerudi kwa mlango mwingine. Ndani ya ofisi kijana hawezi kupatana, na nje ya ofisi anapatana akiwa peke yake na mwenye njaa.

Madaktari wanagenzi wenyewe waliliona jambo hilo zamani. Mwaka 1957 wale wa hospitali za umma za New York walianzisha chama chao, CIR. Machi 1975 waligoma siku 4, na dai lao kubwa lilikuwa saa za kazi, maana wengine walikesha kila usiku wa pili. Waliporudi kazini walikuwa wamepata kikomo: zamu ya usiku isizidi mmoja katika kila usiku tatu. Mwaka uliofuata, 1976, Bodi ya Taifa ya Uhusiano wa Kazi iliamua kwamba wanagenzi wa hospitali za binafsi ni wanafunzi, si wafanyakazi, na kwa hiyo sheria haiwalindi wakitaka chama. Mtu anakesha, anashona vidonda, analipwa mshahara na kukatwa kodi, kisha anaambiwa si mfanyakazi! Ilichukua miaka 23 kuigeuza hukumu hiyo. Mwaka 1999 Bodi ilikubali kwamba wao ni wafanyakazi. Mwaka 2003 ACGME iliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki nchi nzima, kwa wastani wa wiki nne. Bado ni nyingi, lakini zamani hapakuwa na hesabu. Sasa chama hicho kina wanachama zaidi ya 30,000.

Kwa hiyo, kijana anapoulizia mshahara na nyumba, aulize na jambo hili: hapa kuna chama? Penye mkataba wa pamoja, aliyeingia kwa mizani na aliyeingia kwa mlango wa pembeni hulindwa na karatasi moja. Mwenye bahati na asiye na bahati hulipwa kwa kiwango kimoja, na zamu zao huhesabiwa kwa kitabu kimoja.

Tunawaandikia haya ninyi mnaochuma chai, mnaokata miwa na mnaosimama kwenye mashine usiku kucha, ili mkimwona mwanenu anaandika barua Marekani mpate la kumwambia. Mwambieni agonge milango yote miwili kwa haki, karatasi zake zikiwa kamili. Mwambieni asinunue nafasi na asitie sahihi mara mbili. Na akiisha kuingia, kwa mlango wowote ule, awatafute wenzake waliomo ndani.